Jina la Abiria wa Tano

Kila Jumamosi asubuhi Kahindo na Joviale walichota maji kwenye bomba la mtaa wao wa Mabanga, mjini Goma, wakarudi nyumbani kila mmoja na bido lake, dumu la plastiki, mgongoni. Kisha mmoja alitwanga sombe, majani ya muhogo, mwingine akaosha vyombo. Juma lililofuata walibadilishana. Kazi ziligawanywa sawasawa, hata mtu mwenye roho ngumu asingepata la kulalamikia. Kilichomkera Kahindo ni sifa.

"Oneni sombe ya Joviale ilivyo laini!" Mama Julie, mama yake Kahindo, alikuwa akisema. "Mungu akubariki, mutoto wangu."

Juma lililofuata Kahindo alitwanga sombe ile ile, kwa kinu kile kile, mpaka viganja vikamwaka moto. Mama akachungulia ndani ya kinu, akasema, "Haya, weka kwenye sufuria." Basi! Hakuna Mungu akubariki, hakuna nini.

Wasichana hao walikuwa na umri wa miaka kumi na miwili kila mmoja, na walisoma darasa moja, mwaka wa sita. Kahindo alikuwa binti wa nyumba hiyo. Joviale alikuwa mtoto wa Mama Mdogo Micheline, mdogo wake Mama Julie, na kwa desturi yetu mtoto wa mama mdogo si mgeni, ni dada. Miaka mitatu iliyopita Mama Micheline alikwenda Nairobi kushona mapazia. Alimwacha binti yake kwa dada yake, akaahidi kumchukua baada ya miezi mitatu. Hata pasipoti alikuwa ameshamtengenezea. Lakini huko Nairobi kazi ilikuwa ya kubahatisha na kodi ya nyumba ilikuwa ya kutisha, na miezi mitatu ikawa miaka mitatu.

Mwaka wa kwanza Kahindo alifurahi sana kupata dada. Walilala kitanda kimoja, wakacheka mpaka Papa, baba yake Kahindo, akagonga ukuta. Sijui wivu ulianza lini, na Kahindo mwenyewe hajui. Labda ni siku Joviale alipotoka wa kwanza darasani na yeye akawa wa saba. Labda ni siku ile mdogo wake, Prodige, alipoanguka kwenye mawe akachubuka goti, akampita Kahindo mbio na kwenda kulilia mapajani mwa Joviale. Ninachojua ni kwamba wivu ulishamkaa rohoni, na haukutoka.

Jambo moja tu lilibaki lake peke yake, nalo ni simu ya Papa. Papa Florent aliuza vitenge, na vidole vyake vilizoea kupima nguo, si kubonyeza herufi ndogo kwenye kioo. Akitaka kutuma ujumbe, aliita, "Yuko wapi sekretere wangu?" Na sekretere alikuwa Kahindo. Joviale, pamoja na ukwanza wake wote darasani, hakujua hata namna ya kuongeza mwanga wa simu.

Jumamosi moja, vakansi kubwa, likizo ndefu za shule, zilipoanza, Papa alifunga duka mapema, akarudi nyumbani akitabasamu peke yake.

"Micheline amepata nyumba ya vyumba viwili," alisema kabla hajavua viatu. "Anatuita. Tunakwenda Nairobi wote watano, wiki mbili. Tunavuka mpaka, tunapanda basi mpaka Kigali, na kutoka Kigali tunaruka na ndege!"

"Ndege!" Prodige alipiga kelele, akatanua mikono na kuzunguka meza akinguruma. Kahindo naye akarukaruka. Miaka yote Papa alisafiri kwa malori na mabasi. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kupanda ndege.

Joviale hakuruka. Alisimama na sahani iliyolowa maji mkononi, kisha akaanza kulia. Mara moja Mama akamkumbatia, Papa akampigapiga bega, hata Prodige akaacha kunguruma akaenda kumshika sketi. Kahindo akabaki peke yake katikati ya nyumba, mikono bado iko juu. Hata furaha ya ndege, alijiambia, nayo amenichukulia!

Wakakaa mezani kununua tiketi. Rafiki mmoja wa Papa alikuwa amemwonyesha tovuti ya safari ambako mtu anatafuta ndege mwenyewe na kulipa papo hapo kwa simu. Ilikuwa ya Kifaransa. Kahindo aliifungua, akachagua tarehe, akaandika abiria watano. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tovuti ilipouliza kila abiria "Nom de famille", yaani jina la familia.

Hapo wakakwama. Watu wengi hapa kwetu hawana jina moja la nyumba nzima. Kila mtoto hupewa jina lake. Kwenye pasipoti Papa aliandikwa Paluku, Mama aliandikwa Nabintu, Kahindo alikuwa Kahindo, Prodige alikuwa Muhindo, na Joviale alikuwa Akonkwa. Majina matano, nyumba moja.

"Jina la familia?" Papa alikuna kidevu. "Si familia ni yangu? Na mimi ni Paluku. Andika Paluku kwa wote, wasituhangaishe."

Kahindo akaandika Paluku mara tano. Halafu ikatokea picha ya ndani ya ndege, viti vimepangwa safu kwa safu. Kahindo alishaanza kupeleka kidole chake kwenye kiti cha dirishani.

"Dirishani mupe Joviale," Papa alisema. "Yeye ndiye anaenda kuona mama yake."

"Lakini Papa, mimi ndiye ninayefanya kazi yote hapa!"

"Na utapata kiti kama wengine. Bonyeza."

Akabonyeza, lakini kwa nguvu iliyotosha kupasua kioo. Saa kumi za jioni malipo yakapita, na tovuti ikawashukuru.

Kesho yake baada ya misa, Papa aliongozana na Kahindo mpaka kwa Donat, kijana mwenye kibanda cha kuchapisha karatasi karibu na parokia. Donat alizitoa zile tiketi kwenye mashine yake, akazisoma, akaanza kucheka.

"Papa Florent, kumbe unapeleka Paluku watano Nairobi? Na Mama Julie naye amekuwa Paluku?"

"Si waliuliza jina la familia?"

"Ah, muzee! Mashine hiyo inafikiri watu wote duniani wanarithi jina la baba. Hapo inataka jina lililo kwenye pasipoti, mahali pa 'Nom'. Uwanjani watalinganisha tiketi na pasipoti. Jina likikataa, mutu haruki." Donat akaacha kucheka, akaonyesha mstari mdogo chini ya karatasi. "Lakini muna bahati. Wanaruhusu kurekebisha kwa saa ishirini na nne. Mulinunua saa ngapi?"

"Saa kumi jana," Kahindo alijibu.

"Basi leo kabla ya saa kumi. Ikishapita hapo, mutawaomba kwa maandishi, na wanaweza kukataa."

Papa alikuwa na mkutano wa wauzaji wenzake mchana huo. Alipofika nyumbani alimkabidhi Kahindo simu na pasipoti zote tano. "Sekretere, unasikia alichosema Donat. Rekebisha wote. Usimruke hata mmoja."

Kahindo alikaa mezani peke yake. Pembeni mwa kila jina palikuwa na alama ya kalamu. Aligusa kalamu, akafuta, akaandika upya, akahifadhi. Papa alibaki Paluku, huyo hakuhitaji kitu. Mama akawa Nabintu. Yeye mwenyewe akawa Kahindo. Prodige akawa Muhindo. Ikabaki pasipoti ya tano.

Nje uani Mama alikuwa anamsuka Joviale. "Kaa sawa, mutoto wangu," alisema. "Nataka Micheline akikuona asikutambue kwa uzuri." Wakacheka wote wawili.

Kahindo alitazama nywele zake kwenye kioo cha simu. Yeye alikuwa amesukwa na jirani, haraka haraka, siku ya Alhamisi. Akamwona Joviale dirishani juu ya mawingu, Joviale akishuka ndege, Joviale akipigiwa makofi Nairobi kama alivyopigiwa Goma. Kidole kilikuwa juu ya alama ya kalamu. Akakiondoa.

Akaizima simu, akaifunika kwa kitambaa cha meza. Mimi sikubadilisha kitu, alijiambia. Papa ndiye aliyesema niandike Paluku. Mimi nimeacha tu vile alivyosema.

Tazama jinsi mtu anavyoweza kujidanganya akiwa peke yake na hakuna wa kumbishia!

Papa aliporudi aliuliza, "Umemaliza? Wote?"

"Ndiyo, Papa."

"Bon! Ndiyo maana nakuita sekretere wangu. Mutoto mwenye akili." Akamshika kichwa kwa upole. Ilikuwa sifa aliyoitamani wiki nzima, na Kahindo hakuweza hata kuinua macho kuipokea.

Saa kumi na moja simu ililia. Jumapili ndiyo siku Mama Micheline alipokuwa akipiga. Papa akampa Joviale simu, naye akaenda kusimama karibu na mlango wa chumba, ambako sauti haikukatika. Kahindo alikuwa ndani, anakunja nguo, akasikia kila neno.

"Nakushonea robe, gauni la misa," sauti ya Mama Micheline ilisema. "Nimeshakata kitambaa, halafu nikasimama hapo na mkasi. Niambie, Jojo, umefika wapi? Ulikuwa unanifika kifuani."

"Sijui, Mama. Nimekua."

"Umekua kiasi gani?"

"Ninalingana na Kahindo."

"Na Kahindo amefika wapi?"

Joviale akacheka kidogo. "Mama, na yeye hujamuona miaka mitatu."

Kahindo akadhani mtandao umekatika. Kisha akasikia Mama Micheline akivuta pumzi, na sauti yake ikatoka imebadilika. "Basi nitaacha upindo mrefu chini. Ukifika nitakupima mwenyewe. Siku tisa tu, mwanangu. Nazihesabu kwa chaki ukutani."

Shati la Prodige likamponyoka Kahindo mikononi. Alijua, bila shaka, kwamba Joviale hajamwona mama yake miaka mitatu. Kila mtu nyumbani alijua. Lakini alikuwa amelijua kama mtu anavyojua somo la jiografia. Sasa alimfikiria Mama Micheline amesimama na mkasi, hajui mtoto wake ana urefu gani. Na alifikiria uwanja wa ndege, wote wanne wakipita, na Joviale akiambiwa arudi nyuma.

Joviale alipomaliza kuongea, Kahindo alimpokonya simu, akakimbilia uani. Akafungua tovuti. Kwa haraka akakosea namba ya siri mara mbili. Majina matano yalikuwepo, lakini alama za kalamu hazikuwepo tena. Chini palikuwa na maandishi mekundu: muda wa kurekebisha umekwisha, jazeni fomu ya ombi, jibu litatolewa ndani ya siku tatu.

Alijaribu tena. Akazima simu, akaiwasha, akajaribu mara ya tatu. Mekundu yale yale.

Walipokaa kula bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, Kahindo hakugusa chakula. Mama alimuuliza kama ana homa. Na hapo, bila kupanga maneno, akayatapika yote: kalamu, pasipoti ya tano, saa kumi, maandishi mekundu. Aliposema "niliacha makusudi", Joviale alirudisha tonge kwenye sahani.

"Makusudi?" Mama alisimama. "Kahindo! Mutoto wa mdogo wangu? Ungemuacha Kigali peke yake?"

"Sikufikiri mpaka huko, Mama."

"Ulifikiri mpaka wapi?"

Joviale aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakuubamiza, aliufunga polepole, na hilo lilimuuma Kahindo kuliko kofi.

Papa hakupaza sauti. Aliosha mikono, akavaa miwani, akasema, "Lete simu. Fungua hiyo fomu."

Wakaijaza pamoja. Waliandika namba ya tiketi, jina lililokosewa na jina sahihi, wakaweka picha ya pasipoti. Mwishoni palikuwa na kisanduku kimoja: "Sababu ya kosa."

"Niandike mtandao ulikatika?" Kahindo aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtandao ulikatika?"

"Hapana, Papa."

"Basi andika kilichotokea."

"Lakini ni watu tusiowajua! Watanicheka. Na wakisoma hivyo wakikataa je?"

Papa alivua miwani. "Wakikataa, mimi nitabaki hapa na Joviale, na ninyi mutakwenda. Lakini hatutafunika uongo mmoja kwa uongo mwingine. Andika."

Kahindo aliandika, akafuta, akaandika tena. Mwishowe kisanduku kikasomeka hivi: "Nilirekebisha majina ya wengine, la tano nikaliacha makusudi, kwa sababu nilimwonea wivu dada yangu. Yeye hana kosa lolote. Anakwenda kumwona mama yake. Tafadhali msimzuie kwa ajili yangu."

"Sasa," Papa alisema, "kabla hujatuma, nenda ukamsomee mwenyewe."

Kahindo akagonga mlango wa chumba, chumba chake mwenyewe, akasimama kizingitini na kusoma. Joviale alikuwa amelala akiuangalia ukuta. Hakugeuka. Kahindo akabonyeza kutuma.

Siku tatu zile zilikuwa ndefu! Kila simu ilipolia, nyumba nzima iliikimbilia. Joviale alichota maji, akatwanga, akaosha, lakini kwa Kahindo hakutoa neno. Siku ya pili, kwenye bomba, ndipo aliposema, bila kumtazama.

"Unanionea wivu kwa sababu Mama Mukubwa ananisifu?"

"Ndiyo."

"Mimi ninakuonea wivu kila asubuhi. Unaamka, unaita 'Mama!' na anaitika. Anakugombeza, hata hujali. Mimi nikitwanga vibaya, nani atanivumilia? Ndiyo maana natwanga mpaka inalainika."

Bido la Kahindo lilikuwa limejaa, maji yakammwagikia miguuni, na hakuyaona. "Nisamehe, Joviale."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Funga bomba, watu wanangoja."

Siku ya tatu, mchana, jibu likaja. Papa hakulifungua mwenyewe. Alimpa Joviale simu, naye Kahindo akamwonyesha kwa mbali pa kubonyeza. Tiketi mpya ilitokea. Juu yake palikuwa na mistari miwili kutoka kwa mfanyakazi wa tovuti: "Ombi limekubaliwa. Ahsante kwa kusema ukweli, imeturahisishia kazi. Safari njema kwa Akonkwa Joviale."

Prodige akaanza tena kunguruma na kuzunguka meza. Mama Julie akakaa kwenye kigoda, akawaita wasichana wote wawili, mmoja kila upande.

"Na mimi nina langu la kusema," alianza. "Joviale, nilikusifu sana kwa sababu niliogopa usije ukajiona yatima katika nyumba yangu. Kahindo, nilisahau kwamba na wewe una masikio. Hilo ni kosa langu, na nitalirekebisha. Lakini sikiliza vizuri, mutoto wangu. Kuona wivu kunaweza kumpata yeyote. Hata mimi niliwahi kumuonea Micheline. Kosa lako si kwamba uliumia. Kosa ni kwamba uliumia ukanyamaza, halafu ukatafuta wa kumuumiza. Siku nyingine ukiona umesahauliwa, njoo unishike nguo uniambie, 'Mama, na mimi je?' Nitakusikia. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo kama ulivyofanya. Ungengoja mpaka Kigali, hakuna fomu ambayo ingetusaidia."

"Ndiyo, Mama," Kahindo alisema, na machozi yakamtoka. Mama akayafuta kwa ncha ya kitenge chake.

"Na simu," Papa aliongeza kutoka mlangoni, "mpaka tutakaporudi, atashika Joviale."

"Papa, mimi sijui simu!" Joviale alishtuka.

"Dada yako atakufundisha."

Siku ya safari ilipofika, walisimama kwenye foleni ya uwanja wa Kigali, Papa mbele, mizigo katikati. Mfanyakazi wa kaunta alichukua pasipoti moja baada ya nyingine, akaangalia karatasi, akaangalia nyuso. Paluku, akapita. Nabintu, akapita. Kahindo, Muhindo. Alipofika ya tano alikunja uso kidogo, akaisogeza karibu na macho. Bila kufikiri Kahindo akaushika mkono wa Joviale, na Joviale hakuuondoa.

"Akonkwa ni nani?" mfanyakazi aliuliza.

"Ni mimi," Joviale alisema, na mfanyakazi akamrudishia pasipoti, naye akapita.